Mguu Kwenye Breki

Ilikuwa saa nane mchana, jua limewaka, na Njambi alikuwa amelala chali chini ya gari la Mwalimu Kimeli akitoa hewa kwenye breki.

Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti cha dereva akikanyaga pedali, mwingine analala kando ya gurudumu akifungua na kufunga nati ndogo, ili mafuta ya breki yatoke pamoja na hewa iliyonaswa ndani. Wa chini anasema kanyaga, wa juu anakanyaga. Wa chini anasema shikilia, wa juu anashikilia hadi nati ifungwe. Kisha anaambiwa aachie. Njambi alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na aliyezoea kumkanyagia alikuwa Mzee Kituyi, fundi wa bodi za magari ambaye walikodi naye uwanja mmoja pale Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret.

"Kanyaga," alisema. Mafuta yakasukumwa kwenye mpira mwembamba hadi ndani ya chupa. "Shikilia." Akafunga nati. "Achia." Pedali ikarudi juu.

Wakaenda hivyo gurudumu baada ya gurudumu. Mguu wa siku hiyo ulikuwa mwepesi kuliko kawaida, hauna pupa, na Njambi akasema kutoka huko chini kwamba leo mzee amekanyaga vizuri. Hakujibiwa. Alipokaza nati ya mwisho alijivuta nje, akachukua kitambaa kujifuta mikono, na hapo akamwona Mzee Kituyi akiingia getini na themosi ya chai mkono mmoja, chapati mbili kwenye gazeti mkono wa pili.

Akamuuliza alitoka saa ngapi. Mzee akasema ni kitambo, kwa Mama Purity wa chai kulikuwa na watu wengi, na kwani hakumsikia akiaga? Wakati huo Njambi alikuwa bado anafungua magurudumu.

Njambi akageuka kulitazama gari. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, na pedali ya breki ilikuwa imelala sakafuni, imeshikiliwa. Akakumbuka kwamba kwenye gurudumu la mwisho hakuwa amemaliza maneno yake. Akainama dirishani, akahakikisha Mzee Kituyi yuko mbali akimimina chai, na akasema kwa sauti ya chini sana, "Achia."

Pedali ikapanda juu polepole.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la mwaka wa tisini na nane, la turbo, rangi ya buluu, aina ile ambayo vijana wa Eldoret wanaitambua kwa mlio kabla hawajaiona. Mwalimu Kimeli, mzee mstaafu wa upande wa mji wa Turbo aliyefundisha hesabu miaka thelathini na tano, hakuwa mtu wa gari kama hilo. Lilikuwa la mwanawe, Gideon. Mwezi wa nne, saa kumi na moja jioni, mvua ikinyesha, Gideon alikuwa akiteremka kutoka Iten kuelekea Tambach, pale barabara inapojikunja kwenye ukingo wa bonde, na breki zikamwacha. Upande mmoja ulikuwa shimo, upande mwingine ukuta wa mlima. Alichagua ukuta. Alikuwa na miaka ishirini na saba.

Mzee Kituyi ndiye aliyelinyoosha, akabadilisha mlango na paa, akalipaka rangi ileile. Kisha Mwalimu akamwomba Njambi abadilishe breki zote, asibakishe hata kipande kimoja cha zamani. Njambi alidhani anataka kuliuza. Aliagiza diski mpya, kalipa za kuzibana, pedi na mipira, na vyote vikafika isipokuwa silinda kuu, ile inayopokea nguvu ya mguu na kuigawa kwa magurudumu yote. Hiyo ingechelewa hadi Jumatatu. Wakati akiisubiri, alifunga vile vingine na kuvijaribu kwa silinda ya zamani, ingawa alijua imekufa kwa ndani. Ukiikanyaga ilishika kidogo, kisha ikazama chini ya mguu wako kama kwamba hakuna kitu.

Hakumwambia Mzee Kituyi alichokiona. Alijiambia ni uchovu, ni springi, ni mafuta yanayorudi yenyewe. Lakini kesho yake alikuta kiti cha dereva kimesogezwa mbele kabisa, hadi mwisho, kama anavyokaa mtu mfupi sana. Akakirudisha nyuma. Baada ya saa moja kilikuwa mbele tena, na ndani ya gari kulikuwa na harufu ambayo haikuwa ya gari. Ilikuwa harufu ya mafuta ya kujipaka ya watoto, na chini yake, kwa mbali, sabuni ya wodi.

Siku ya tatu mvua ilianza mapema. Mzee Kituyi aliondoka saa kumi kwa sababu ya magoti yake, na Njambi akabaki peke yake chini ya mabati, mvua ikipiga juu kwa kishindo kiasi kwamba hangesikia hata mtu akimwita kutoka getini. Hata hivyo aliisikia pedali. Tap, ikienda chini. Kimya. Tap. Hakuelewa jinsi sauti ndogo hivyo ilivyoweza kupenya mvua yote ile. Angeweza kufunga na kwenda nyumbani, na baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakufanya hivyo, lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kutembea kuelekea gari, na mkono wake ukafungua mlango wa abiria, na akaketi, na ile harufu ya mafuta ya mtoto na sabuni ya wodi ikamzunguka ikiwa na joto kama pumzi ya mtu aliyelala karibu nawe, na kando yake, pale ambapo hapakuwa na mtu, kitambaa cha kiti kikabonyea kidogo, na sauti nyembamba, iliyochoka, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka mitatu na ambayo usiku mwingine alikuwa anaogopa kwamba ameshaanza kuisahau, ikasema, "Mami."

Hakupiga kelele. Aliziba mdomo wake kwa mikono iliyojaa grisi, akalia.

Betty, mtoto wake wa pekee, alikufa akiwa na miaka sita kwa saratani ya damu, baada ya miezi kumi na moja ya kuingia na kutoka hospitali. Baba yake hakuvumilia hiyo miezi. Alirudi kwao Nyahururu na akaoa huko. Watu waliokuwa wakimwita Njambi Mama Betty waliacha polepole, kwa kumhurumia, wakaanza kumwita fundi. Hakuna aliyejua kwamba kila mara jina lile lilipoachwa na mtu mmoja, yeye aliona kama mtoto amekufa tena.

Ijumaa Mwalimu Kimeli alikuja kuangalia kazi imefika wapi. Alikuwa mzee mrefu mwenye sweta ya kijivu na viatu vilivyong'arishwa, mpole kwa maneno. Alilizunguka gari, akashukuru, akamwambia Njambi mambo ya mahindi na mvua. Kisha akasimama karibu na dirisha la dereva, akatega sikio kama mtu aliyezoea kutega sikio mahali hapo. Njambi akamwona, na akajua kwamba mzee naye anajua.

Akamuuliza taratibu anasikiliza nini.

Mwalimu alirudi hatua moja kutoka dirishani. Kisha akaeleza, akitazama chini, kwamba gari lilipotoka polisi aliliweka nyuma ya nyumba, akalifunika turubai, na jioni ya kwanza akasikia breki zikikanyagwa. Kila jioni, saa ileile. Mke wake alishahamia kwa dada yake kwa sababu hakuweza kulala katika nyumba hiyo. Yeye alibaki.

"Sikukuletea gari ili niliendeshe, mama," alisema. "Nilileta ili mguu wake upate kitu cha kushika. Anakanyaga, inaenda mpaka chini. Kila siku. Nimsikie hivyo mpaka lini?"

Mvua ilikuwa imeanza tena. Waliingia ndani ya gari bila kuambiana, mzee kwenye kiti cha mbele cha abiria, Njambi nyuma, na wakangoja. Ilipofika saa kumi na moja pedali ikashuka, na sauti ikaja. Mwalimu akafumba macho, akaanza kuitikia kwa Kikalenjin, maneno mafupi ya kumtuliza mtu aliyeshtuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola ya shati.

"Unamsikia?" alinong'ona. "Huyo ni Gideon."

Njambi aliinama mbele, kati ya viti. "Mwalimu," akasema, "mimi namsikia mtoto wangu. Namsikia Betty."

Mzee akageuka, akamtazama. Pedali ilikuwa moja. Ilishuka mara moja, ikapanda mara moja, na katika mshuko huohuo mzee alikuwa amesikia sauti ya kijana mzima na yeye amesikia sauti ya mtoto wa kike. Njambi aliona wazo hilo likija machoni mwa Mwalimu, akaona mzee akilisukuma mbali.

"Labda wako wawili," Mwalimu akasema. "Labda wanapeana kampani."

Njambi alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba si hivyo. Lakini aliitikia kwa kichwa, kwa sababu alitaka iwe hivyo kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani.

Silinda mpya ilifika Jumatatu. Njambi akafungua ya zamani asubuhi. Mafuta yaliyotoka humo yalikuwa na joto, ingawa injini haikuwa imewashwa kwa siku tano, na yalimtiririka kwenye kiganja mazito, hadi akajifuta haraka kwenye ovaroli. Alifunga ile mpya, akamwita Mzee Kituyi akanyage, na hewa ikatoka. Pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mwisho wa kazi gari lilikuwa gari tu, lina harufu ya rangi na plastiki, na kiti kilikaa pale kilipowekwa.

Silinda ya zamani aliipeleka kwenye pipa la vyuma chakavu. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuiachia pale tundu lake, lenye giza na unyevu, liliposema, "Mami, usiniache."

Aliifunga kwenye leso, akaitia ndani ya begi lake, ili jioni aende nayo nyumbani Yamumbi.

Mwalimu alipokuja mchana kulichukua gari, alikaa kwenye usukani karibu nusu saa. Alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga. Kisha akashusha kioo na kumuuliza Njambi, kwa sauti ya mtu asiyetaka kulaumu, kama amemtoa. Njambi akamjibu kwamba yeye amebadilisha breki tu. Mzee akamshukuru, akaliondoa gari polepole. Begi lilikuwa mezani, hatua tatu kutoka pale aliposimama, na Njambi hakusema neno. Katika mambo yote ya wakati ule, hilo ndilo alilolionea aibu zaidi baadaye.

Kwa wiki tatu aliishi na kile chuma. Alikiweka juu ya kabati, ndani ya sahani, na kila asubuhi sahani ilikuwa imejaa mafuta yenye joto ingawa kile chuma kilikuwa kikavu. Mwanzoni kilimwita tu. Kisha kikaanza kuomba. Mami, usizime taa. Mami, usiende kanisani leo. Mami, usilale, ukilala mimi nabaki peke yangu. Akaacha kulala. Akaacha kupokea simu za dada zake. Chakula kilimshinda kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inanuka sabuni ya wodi, na mbwa wa jirani, aliyezoea kuja kuomba mifupa, alikuwa akifika kwenye kona ya ukuta na kurudi nyuma akiwa amefyata mkia. Kazini alikuwa akifanya kazi huku sikio moja liko Yamumbi. Alikonda hadi pete ya kidoleni ikawa inaanguka kwenye ndoo ya mafuta.

Alhamisi moja alimaliza pikapu ya maziwa, akampa mwenyewe funguo. Saa moja baadaye simu ya Mzee Kituyi ikalia. Pikapu ilikuwa imeteremka kuelekea daraja la Sosiani bila breki, ikapita katikati ya watu, ikaishia kwenye uzio wa miti. Hakuna aliyekufa. Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma na mitungi alivunjika mkono mahali pawili. Mzee Kituyi alikwenda mwenyewe kuiangalia, akarudi, akasimama mbele ya Njambi akiwa na mpira wa breki mkononi. Nati yake haikuwa imekazwa kabisa.

"Miaka kumi na minne," alisema. "Hujawahi kuacha nati. Ni nini kimekupata, msichana wangu?"

Hapo Njambi akaketi juu ya tairi kuukuu, akamweleza yote. Mzee hakumcheka. Alivua kofia, akaishika mapajani hadi mwisho, kisha akavuka barabara kwenda kumwita Mama Purity.

Mama Purity alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo, aliyeuza chai na maziwa mbele ya geti lao. Watu wa Kiplombe walimjua kwa maombi vilevile, kwa sababu nyumba tatu au nne zilizosumbuliwa alizituliza, na hakupenda kulizungumzia jambo hilo. Alimsikiliza Njambi akiwa amesimama, aproni bado kiunoni. Alisema kwamba yeye si mganga na hana dawa. Wengine wanaita pepo, wengine jini, jina si kitu. Alivyoona yeye, maiti hakai ndani ya chuma. Hicho kilikuwa kinaishi pale kwenye kona ya bonde kabla ya Gideon kuzaliwa, na siku ile kilipata mlango, kikaingia. Kinakula kilio. Kikikuta mtu analia, kinavaa sauti ya anayemlilia.

Kisha akasema kwamba Mwalimu lazima aitwe, maana mlango wake bado uko wazi.

Walikutana gereji Jumamosi jioni, wanne tu. Njambi alimwambia Mwalimu ukweli kabla hajaketi. Mzee hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Umekuwa naye wiki tatu, na mimi nakaa kwenye gari tupu?" Njambi akamwomba msamaha.

Silinda ilibanwa kwenye jiriwa, ile ya kushikia vyuma mezani. Mvua ilianza kugonga mabati. Mama Purity akavuta kiti mbele ya Njambi, magoti yao yakagusana.

"Siku ya mwisho, mtoto alikuambia nini?"

Njambi alikuwa hajawahi kumwambia mtu. Alisema kwamba madaktari walikuwa wameshamwambia imetosha, na yeye akakataa, akalilia sindano nyingine, na Betty, ambaye hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, alimshika kidole na kumwambia, Mami, niache nilale. Yeye hakumwacha. Wakamchoma sindano nyingine, na alikufa akiwa macho.

"Na huyu anakuambia nini?"

"Anasema nisimwache."

"Huyo aliyechoka angerudi kukuomba hivyo?"

Njambi akatikisa kichwa. Kutoka kwenye jiriwa sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kulia kwa kwikwi, na hakuna mwingine aliyeisikia isipokuwa yeye, kwa maana Mwalimu alikuwa anasikia yake.

Mama Purity akamgeukia mzee na kumuuliza swali hilohilo. Mwalimu alisema kwamba hakuwepo. Asubuhi ile waligombana juu ya hilo gari, na Gideon alipokuwa anatoka alisema tu, Mzee, nikifika nitakutumia meseji.

"Na huyu, tangu aanze kukujia, amewahi kukuambia amefika?"

Mwalimu alifikiri. "Hapana," alisema. "Kila siku yuko njiani."

"Basi huyo si mtoto wako, Mwalimu. Gideon alifika siku ileile."

Mzee akainamisha kichwa, na mlio uliomtoka haukuwa wa mtu wa umri wake.

Mama Purity akaanza kuomba, si kwa kelele, na akamwambia Njambi afungue. Njambi akachukua bisibisi na koleo, akatoa pete inayofunga mdomo wa silinda, na mara ile sauti ikageuka kuwa sauti ya Betty wa siku ya mwisho kabisa, ile pumzi inayokwaruza ambayo alikuwa ameomba kwa Mungu asiisikie tena, ikimwambia kwamba inaumia, kwamba Mami anamuumiza, na upande wa pili Mwalimu alikuwa ameruka kutoka kwenye kiti akiita Gideon, Gideon, ngoja, naja, na Mzee Kituyi amemkumbatia kwa nyuma, wazee wawili wanasukumana kwenye sakafu yenye mafuta, na Njambi, macho yamejaa hadi haoni anachoshika, akasukuma kwa bisibisi huku akisema kwa sauti, tena na tena, lala, mama, lala, lala sasa, mpaka pistoni ya kwanza ikachomoka, na springi, na pistoni ya pili, na mafuta yakamwagika mezani yakichemka, yakinuka breki zilizoungua.

Kisha pedali zote zikashuka.

Palikuwa na magari saba ndani ya ua ule, yote yamezimwa, mengine hayana hata injini. Pedali zao za breki zikagonga sakafu kwa pamoja, kila gari hadi lile la ukutani kule nyuma, zikashikiliwa, na kwa muda wa pumzi mbili hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kusogea, kwa sababu kilichokuwa kinashikilia hakikuwa na sauti ya mtoto tena wala ya kijana, kilikuwa kimya, kimya kizito cha kitu kikubwa kinachowatazama. Mama Purity akamaliza maombi yake. Akasema amina.

Moja moja, pedali zikaanza kupanda.

Ilipopanda ya mwisho walisikia mvua tu. Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni, suti yake imelowa mafuta, Mzee Kituyi bado amemshika mabega.

"Ameenda?" Mwalimu akauliza.

"Kimeenda," Njambi akasema.

"Hakuniaga," akasema mzee. "Hata huyo wa uongo. Hakuniaga."

Vile vipande walivizika mahali pawili tofauti, visije vikakutana tena, na Mama Purity akarudi kwenye chai yake. Njambi alikwenda hospitali kumtazama yule mwanamke wa pikapu, akamweleza kwamba kosa lilikuwa lake, na akaendelea kwenda kila wiki hadi plasta ikatolewa. Nyumba ya Yamumbi ilikaa wazi madirisha yote siku tatu. Ilipoisha ile harufu ya wodi aliishiwa nguvu, akalala kitandani mchana na usiku, akimlilia mtoto wake kama kwamba amezikwa jana. Na kwa kweli kwake ilikuwa kama jana.

Mwezi mmoja baadaye Mwalimu Kimeli alimpigia simu. Alitaka kwenda kule kwenye kona, na hakutaka kwenda peke yake.

Walitoka asubuhi, mzee akiendesha lile gari la buluu kwa mwendo wa baiskeli, wakimbiaji wa Iten wakiwapita kando ya barabara. Walipoanza kuteremka, bonde likafunguka upande wa kulia, jeupe kwa ukungu. Njambi aliona mguu wa mzee ukienda kwenye breki mapema sana, kabla ya kona, na gari likatii. Likasimama palepale Mwalimu alipotaka, hatua chache kutoka kwenye ukuta uliokwanguka, ambapo nyasi zilikuwa zimeanza kuota tena.

Alizima injini. Wakasikiliza. Kulikuwa na ndege, na maji yanayotiririka kwenye mtaro.

"Hapa hakuna mtu, Mwalimu," Njambi akasema baada ya muda.

"Najua, Mama Betty," mzee akajibu. "Ndiyo maana ni vigumu kuondoka."

Walikaa hadi jua likapanda juu ya ukungu. Mwalimu alimuuliza ulikuwaje mwaka wa kwanza baada ya Betty, aliubeba vipi. Njambi akamwambia ukweli, kwamba hakuubeba, ulimburuta, na wa pili vilevile, na kwamba hakuwa na la kumfundisha. Mzee akaitikia kwa kichwa. Alisema macho yake hayaoni vizuri kwa machozi, na kama haitakuwa tabu, Njambi ndiye awarudishe.

Njambi akahamia kwenye usukani. Waliupanda mlima, na kabla hawajafika Iten alisikia pumzi ya mzee ikibadilika. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, mikono imefunguka mapajani. Mbele yao ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Njambi akagusa breki kidogo kidogo, taratibu, asije akamwamsha.